Nta ya Sego

Mkwe wangu Mujibu hakula nta ya ndege. Naanza na hilo kabla sijasema lolote, maana hapa Chiwata wapo watu mpaka leo ukimtaja wanainamiana masikioni, "Si ndiye aliyemdhulumu sego?" Waje waniulize mimi. Hakula, hakuficha, hakutupa. Naitwa Pili, mama yake Zuhra, na mdomo wangu wanaujua. Nikisema kitu nimekisema.

Mujibu alikuja kwetu akiwa kijana wa kupalilia mikorosho. Kwao upande wa Nanyumbu, mama yake alifariki mapema, na alikuwa hana mbele wala nyuma: shoka moja, nguo za kubadili, na kicheko. Kicheko hicho jamani! Anaanza kusimulia kitu cha kuchekesha, kabla hajafika mwisho anacheka mwenyewe mpaka machozi, na nyie mnacheka kicheko chake, kisa chenyewe hamkukisikia. Zuhra alimpendea hilo. Mimi nilimkubali kwa sababu nyingine. Alipalilia shamba langu mpaka kwenye mipaka, pale ambapo vibarua wengine hupitisha jembe juu juu wakidhani mwanamke haoni.

Kwetu Wayao, mwanamume akioa anahamia kwa mkewe. Anajenga kwetu, analima kwetu, na watoto ni wa kwetu. Mwenye sauti juu ya wote ni kaka wa mama, na hapa kwetu ni kaka yangu mkubwa, Halfani. Yeye ndiye mjomba wa Zuhra, ndiye aliyepokea posa, na siku akisema mkwe fulani hafai, mkwe huyo anabeba shoka lake na anatoka. Watoto wanabaki. Mujibu aliyajua hayo siku anaingia, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya jiko langu, akapanda na mapapai mlangoni. Mtu anayefikiria kuondoka hapandi mapapai.

Adabu yake ilikuwa ya kupitiliza. Mkwe na mama mkwe hawazoeani, hilo linajulikana, lakini yeye akinikuta njiani anatoka kabisa kwenye njia, anachuchumaa, "Shikamoo Mama," macho chini. Nami naitikia "Marahaba mwanangu" huku nimegeukia mikorosho, utadhani nimesalimiwa na mikorosho. Akileta kuni anaziweka nyuma ya jiko, anakohoa, anaondoka. Miaka yote tuliyokaa pamoja, nilikijua zaidi kikohozi chake kuliko uso wake.

Sasa nimseme sego. Wengine humwita mlembe, ndege wa asali. Ni ndege mdogo wa rangi ya majivu, sura ya kinyonge, ukimwona huwezi kumgeukia mara ya pili. Lakini anajua nyuki wamejificha kwenye mti gani, ila hana nguvu ya kupasua mti. Wewe una shoka, ila hujui nyuki wako wapi. Basi hapo mnahitajiana. Mwanamume anaingia porini, anatetemesha ulimi, brrrrrr, halafu anaguna, hm! Sego akisikia anakuja, anapiga kelele mbele yako kama mtu anatikisa kiberiti, anaruka mti huu na ule, unamfuata mpaka anaponyamaza. Hapo hapo tazama juu.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anapanda, mwingine anabaki chini anashika kamba na kuchochea moshi wa majani mabichi. Na kitu cha kwanza kinachotoka kwenye mti, kabla hujalamba hata kidole, ni haki ya sego: sega lenye nta na watoto wa nyuki, linawekwa chini juu ya majani mabichi, watu wanasogea. Sego hahitaji asali yako, anakula nta. Ukimnyima, anakukimbia, na mkosi wake haukai kwa mwizi peke yake, unaenea mji mzima. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hapo ndipo penye balaa la kisa hiki.

Zamani aliyeita alikuwa Halfani mwenyewe. Meno ya mbele yalipomtoka, wito nao ukaharibika, akiita inatoka kama mbuzi anapiga chafya. Nilimcheka, mimi si ni dada yake? Ndipo Mujibu akachukua kuita na kupanda, Halfani akabaki chini na moshi. Na Mujibu aliita vizuri, Mungu amrehemu. Wakati mwingine hawajafika hata nje ya mashamba, sego yuko juu ya mkorosho anawasubiri. Asali yetu watu wa Masasi waliifuata wenyewe. Mwenye kikohozi alikuja, mwenye kidonda alikuja, mwenye mwali wa kuolewa alikuja. Halfani alimpenda Mujibu siku hizo. Alimwita "mwanangu" mbele ya watu.

Halafu jua likabadilika. Sisemi kama wazee wanaolalamikia kila kitu. Nasema nilichokiona. Msitu wa chini unaoelekea Masasi, ambao tukiwa wasichana tulikuwa tunaogopa kuingia kwa giza lake, ukaanza kukauka vileleni. Miyombo ikawa inatoa maua kabla ya wakati wake, joto linapiga, maua yanaungua yakiwa bado machanga. Nyuki wakahama. Mujibu na Halfani wakawa wanafika kwenye miti wanayoijua, wanakuta tundu lina utando wa buibui. Ndege nao wakachanganyikiwa. Hondohondo tuliowazoea huku chini tukaanza kuwasikia mbali, juu kwenye miinuko. Njiwa wengine hawakurudi. Wakaja ndege wengine wa bondeni, wala hatukuwa na majina yao, wakatumalizia mtama.

Na sego akaanza kuchelewa. Anaitwa asubuhi anafika jua limesimama. Baadaye akawa anakuja, anaongoza nusu ya njia, anarudi zake. Mwisho hakuja kabisa. Mujibu aliita mpaka midomo ikachanika. Anarudi na ndoo tupu, anaiweka chini taratibu isigonge, utadhani kuna mgonjwa ndani.

Halfani akanyamaza. Mimi namjua kaka yangu: akipiga kelele hana neno, akinyamaza mwogope. Mwaka huo maua mengi ya mikorosho yakanyauka, muhogo ukaoza kwa mvua iliyokuja vibaya, mbuzi wangu wawili wakafa. Kila jambo likitokea, Halfani anamtazama Mujibu. Nikaona linakuja.

Akaita kikao uani kwake, watu wa ukoo tu. Lakini siku hiyo alikuwepo pia Yuster, bibi misitu, msichana anayetembelea msitu wa kijiji, alikuwa amekuja kumsalimia Halfani akakaribishwa kiti. Halfani hakuzunguka. Akasema, "Sego amekimbia mji huu. Sego hakimbii bure. Kuna mtu anamlia haki yake."

Wote tukajua mtu ni nani, maana anayepanda ni mmoja. Mujibu alikuwa amekaa chini karibu na mlango, kofia mkononi. Akasema, "Mjomba, mkono wangu huu ndio uliokuwa ukiweka nta. Kila siku. Na wewe ulikuwepo pale chini, ukiniona."

"Nilikuwa chini, moshi uko machoni," Halfani akamjibu. "Sikuona kitu."

Ebo! Miaka yote hiyo hakuona kitu? Nikasema, "Kaka, asali ulikuwa unaiona, nta ndiyo huioni?" Akaniambia nikae kimya, kikao si jikoni.

Yuster akaomba ruhusa, akasema kwa heshima kabisa, "Shikamoo Mzee. Samahani, mimi naona tofauti. Ndege wanahama, Mzee. Si sego peke yake. Joto limepanda, msitu wa chini hautoi maua kama zamani, nyuki wanatafuta penye ubaridi, na anayekula nta anawafuata nyuki. Wapo waliopanda juu kwenye uwanda wa Newala, wapo waliotoka kabisa. Hakuna aliyemfukuza hapa."

Halfani akamtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mgeni asiyejua kula ugali kwa mkono. "Marahaba, mwanangu. Joto lilikuwepo tangu nazaliwa. Ambalo sijaliona tangu nazaliwa ni mkwe kushika haki ya sego peke yake, bila shahidi."

Basi akatoa neno lake. Mujibu amlete sego. Amwite, sego aitike, watu wasikie, na yeye Halfani atamwomba radhi mbele ya mji mzima. Asipoitika, korosho zikianza kuanguka Mujibu asiwepo hapa. Zuhra akasimama, akasema akienda mumewe na yeye anakwenda. Halfani akamwambia, "Nenda. Faidha anabaki." Faidha ni mtoto wao, wakati huo ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno. Zuhra akakaa chini. Nilimwona mwanangu akikaa chini, na mpaka leo halijanitoka.

Kuanzia hapo mji ulimgeuka Mujibu. Hakuna aliyemtukana, la hasha. Walimpisha tu. Akienda kisimani, wanawake wanachukua ndoo zao. Akiswali, mtu anasogeza mkeka. Na yule mtu wa vicheko akawa hacheki. Kila asubuhi anaingia msituni peke yake, namsikia anaita, brrrrrr, hm! Halafu kimya. Anaita tena. Nikawa nageuza sufuria bila sababu ili nisisikie huo ukimya.

Mwenyezi Mungu ana mipango yake, akatuletea Nikolao. Huyu ni Mmakonde wa Mkunya, kule juu Newala, mtani wetu, anashuka na muhogo mkavu kila anapopata gari. Mtani huyo hana adabu hata kidogo. Akifika uani hasalimii, anauliza, "Nyie Wayao mko hai bado? Nimekuja na sanda bure!" Siku hiyo akaketi nyuma ya jiko langu anakunywa uji, akaanza kulalamika. Ati huko kwao kimeingia kidege, rangi ya majivu, hawakuwahi kukiona tangu enzi. Kinamfuata mtu shambani. Mtu akitembea kinaruka mbele yake, kinampigia kelele usoni, kaka-kaka-kaka, hakiogopi. Watu wameshasema hicho ni cha mkosi, kinatangaza msiba. "Mke wangu Anastasia hataki hata kwenda kuokota kuni," akasema. "Hicho kidege kinamdai nini, Mama Zuhra, si muje mkichukue? Labda ni jini lenu limepotea njia!"

Mimi nikaacha mwiko kwenye sufuria. Na nyuma ya ukuta nikasikia kikohozi.

Mujibu alitokeza, na kwa mara ya kwanza hakuchuchumaa wala hakutazama chini. Alinitazama mimi, usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mdomo unatetemeka kama wa mtoto anayetaka kucheka na kulia. "Mama," akasema, "ni yeye."

"Ndiye," nikasema.

"Namfuata. Nikirudi na asali ya huko na Nikolao akiwa shahidi, Mjomba atakuwa hana la kusema."

Nikamwambia jambo moja tu, na nilimwambia kwa ukali kwa sababu nilikuwa na hofu: "Usipande peke yako."

Akatabasamu kidogo. "Nani atanishikia moshi, Mama?"

Ningemwambia nani? Halfani? Vijana waliokuwa wanamsogezea mkeka? Nikamfungia muhogo wa kuchoma kwenye kitambaa, akaenda kumuaga Zuhra, akambeba Faidha mpaka barabarani, akamrudisha. Akaondoka na Nikolao juu ya magunia.

Yaliyotokea Mkunya nilisimuliwa na Nikolao na mkewe, na nimewauliza mara nyingi mpaka wamenichoka.

Wanasema walifika jioni. Anastasia akamtengea maji ya kuoga, na mtu akikutengea maji ya kuoga kule juu ujue amekuheshimu, maana wao maji wanayakinga kwenye bati wakati wa mvua na kuyapima kwa kikombe. Asubuhi Mujibu akatoka mpaka nyuma ya mikorosho yao, akaita. Hata hajamaliza mguno, ndege akaja. Nikolao anasema Mujibu alipiga magoti pale pale kwenye majani makavu, akacheka. Akacheka mpaka machozi. Wao wakaogopa, wakadhani amepandwa na kitu.

Akawaeleza. Akawaambia huyu si wa mkosi, ni mwenzetu, amekimbia jua huko chini kama mtu yeyote anayekimbia njaa, na hizo kelele anawaambia tu, njooni kuna chakula. Msimpige mawe. Wakaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini uso wa mtu anayeitikia na uso wa mtu aliyeamini si mmoja, na Nikolao mwenyewe alikiri kwangu kwamba hakuamini. Mujibu akamwomba amsindikize ashike moshi. Nikolao, mtani wetu yule mwenye maneno mengi, akasema mgongo unamuuma. Alimwogopa ndege.

Basi Mujibu akaenda peke yake. Mashambani kule wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, nyuki hawakai, kwa hiyo sego akampeleka ukingoni, kule uwanda unapokatika na kushuka bondeni kuelekea Ruvuma. Pana mninga mkubwa umeegemea mteremko. Nyuki walikuwa juu kabisa.

Mchana wakamsikia ndege anapiga kelele huko ukingoni. Akanyamaza, akaanza tena. Jua likapinda, Mujibu hajarudi. Nikolao akamwambia mkewe, leo kuna jambo. Wakazifuata zile kelele. Walipokaribia, ndege akawaona, akaja mbele yao, akarudi, akaja, akarudi, mpaka akawafikisha chini ya mninga. Mujibu alikuwa amelala kifudifudi juu ya mawe. Kamba imekatika. Uso umevimba kwa nyuki, na shingo, Anastasia akasema nisiulize habari ya shingo.

Walimleta siku ya pili asubuhi kwenye gari la muhogo, amefunikwa kwa kanga ya Anastasia. Mtani ana haki yake msibani, anaweza kumtania hata maiti, na watu wanatarajia. Nikolao siku hiyo hakutania. Alishuka na ndoo ya asali mkono mmoja na kiroba mkono wa pili, akasimama uani kwetu kama mtoto aliyevunja chungu. Zuhra walikuwa wamemshika ndani. Mimi nilikuwa nje, nimekauka, chozi halitoki.

Halfani akampokea, wakapeana pole. Nikolao akampa kiroba. "Mzee," akasema, "adui nimemuua. Nimekuletea umwone. Ndiye aliyempeleka ndugu yetu kwenye mti ule, na tulipofika alikuwa pale chini karibu na mkono wake, anadonoa. Nikampiga kwa fimbo, mara moja tu. Hakukimbia hata."

Halfani akafungua kiroba, akamtoa. Alijaa kwenye kiganja, mabawa yamelegea. Nikamwona kaka yangu anabadilika rangi. "Sego," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Alikuwa anadonoa nini?"

"Hata sielewi nikuambieje," Nikolao akasema. "Marehemu alikuwa amekata majani mabichi, ameyatandika vizuri kama mtu anayemwandalia mgeni. Juu yake ameweka sega kubwa, lina nta na wale watoto. Sega zuri, mimi nisingeliacha chini. Na ndoo iko pembeni imefunikwa, haijalambwa. Inaonekana alishuka mara ya kwanza, akaandaa yale, ndiyo akapanda tena kumalizia. Majani yale yalikuwa ya nini, Mzee? Ni dawa?"

Halfani akamgeuza ndege kiganjani. Alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wa ndege. Nta ilikuwa imeganda hapo, ya manjano, mbichi. Akaisugua katikati ya vidole, akainusa. Watu wote uani walikuwa wanamtazama, wale wale wa kusogeza mkeka.

Mimi ndipo sauti ilipotoka. Nilisahau kwamba ni kaka yangu mkubwa, nilisahau kwamba kuna maiti ndani. "Haya kaka! Ulitaka shahidi, huyo hapo mkononi mwako. Huyo hakuwa na moshi machoni!"

Halfani akakaa chini mchangani, na ndege wake, akalia. Sikumhurumia. Nasema ukweli, sikumhurumia, na wanawake walinivuta ndani kwa maana ningesema mengine.

Tukamzika Mujibu baada ya adhuhuri. Yuster, yule bibi misitu, alikuja, akalia sana, akawa anajiuliza kwa nini hakusema kwa nguvu zaidi. Nikamwambia mwanangu, ungepaza sauti mpaka upasuke mapafu. Mtu akishaamua kwamba ana mwizi nyumbani, hata jua likishuka likakiri lenyewe, ataliambia likae kimya.

Ile ndoo ya asali hakuna aliyeigusa. Ilikaa jikoni kwangu imefunikwa mpaka arobaini. Siku ya arobaini ilipopita Halfani akaja, akaniomba sega moja. Nikamuuliza la nini, akasema la sego. Alipanda Mkunya peke yake na umri wake ule. Nikolao akampeleka mpaka kwenye mninga. Wanasema alitandika majani mabichi, akaweka sega, akasimama ukingoni, akaita. Bila meno. Aliita kutwa nzima, na Nikolao hakuthubutu kumcheka wala kumwambia basi.

Hakuna kilichoitika. Anastasia alimwambia ukweli: tangu siku ile hawajazisikia tena zile kelele. Walidhani wamekuja wengi, kumbe alikuwa huyo mmoja, ametangulia kutafuta mahali pa kukaa. Asubuhi waliporudi kutazama, sega lilikuwa jeusi kwa siafu.

Halfani akarudi Chiwata. Hakuingia kwake, alikuja moja kwa moja uani kwetu. Zuhra alikuwa kwenye eda, anatwanga, Faidha amelala mgongoni. Mjomba wake akapiga magoti mbele ya kinu, mzee mzima, na kwetu mjomba hampigii magoti mpwa wake, sijawahi kuona. Akamwomba radhi. Alisema yote, hakuficha hata moja, na alilisema jina la Mujibu kwa sauti ili majirani wasikie. Zuhra alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua mchi, akaendelea kutwanga.

Halfani akabaki pale amepiga magoti. Nyuma yake, kwenye mikorosho, korosho zilikuwa zimeanza kuanguka.